Mzee Rong Bozhai, Mtengeneza Siki wa Lango la Magharibi

Majirani, tumekuja wachache, na tunazika mapema kuliko desturi inavyotaka. Mashua zinazoshuka kutoka Nanjing mnaziona wenyewe, nazo hazikubeba bidhaa. Mimi ninayesoma ni Rong Jiting, mtoto wa mdogo wake marehemu. Kwangu alikuwa baba mkubwa.

Marehemu Rong Bozhai alizaliwa Danyang, mwaka wa hamsini na tano wa Mfalme Qianlong, kifungua mimba wa mvuta mashua za nafaka mferejini. Shule alisoma misimu miwili tu. Siku moja mwalimu alimkuta akinusa wino badala ya kuandika, akamwambia, "Wewe Bozhai, pua yako imesoma kuliko macho." Wenzake walicheka, naye akacheka kuwapita. Pua hiyo ndiyo iliyompa ajira kwa watengeneza siki hapa Zhenjiang, hadi akafungua kiwanda chake mwenyewe nje ya Lango la Magharibi.

Mwaka wa ishirini wa Mfalme Jiaqing alimwoa Bi Xue, mama yetu mkubwa. Walijaliwa wavulana wawili. Ndui iliwachukua wote katika kipupwe kimoja. Watu wakamshauri aongeze mke. "Mwenye ulimi huu mmoja ananitosha," alisema. Mama akamjibu, "Ulimi huu ndio unaokuuzia siki."

Mwaka wa ishirini na mbili wa Mfalme Daoguang, Waingereza walipanda mto kwa meli za moshi, katika vita vile vya kasumba. Siku ya kumi na nne ya mwezi wa sita ukuta wa mji ulivunjwa. Baba Mkubwa alikuwa amekwama ndani, kwenye mtaa wa askari wa Kimanchu alikopeleka siki. Adui alikuwa hajafika huko, lakini vilio vilikwisha anza: askari walikuwa wakiwaua wake na watoto wao wenyewe, wasije wakaguswa. Mteja wake mmoja, askari aitwaye Tesheng, alitoka na binti yake.

"Mzee Rong, una mtungi mtupu?"

"Ninao."

"Mtie huyu. Mama yake na kaka zake nimeshawamaliza. Kwa huyu mkono umekataa."

Akarudi ndani, akafunga mlango.

Baba Mkubwa alimbeba yule mtoto wa miaka minane kwa mzega, upande mmoja yeye ndani ya mtungi mtupu, upande wa pili mtungi wa siki. Langoni waporaji wakamzuia. "Una nini humo?" "Siki. Karibu uonje." Akawafunulia mtungi uliojaa. Mmoja akaonja, akatema, wakampisha. 

"Leo umeleta nini tena?" Mama alimuuliza. Alipomwona mtoto, alimtoa mtungini. Alimwogesha, akamwita Caiping. Sisi tuliambiwa ni mpwa wake kutoka ng'ambo ya mto. Mama Geng, muuza tofu, hakujizuia: "Mpwa gani huyu mwenye lafudhi ya kambini?" Kisha akacheka. "Haya, mimi nimezeeka, masikio yamekufa." Na mtaa mzima masikio yakafa.

Mwezi uliofuata mkataba ulitiwa saini Nanjing, juu ya meli ya wageni. Bandari zikafunguliwa, fedha zikalipwa, kasumba ikazidi. Baba Mkubwa alisema, "Wakubwa wameandikiana amani. Sisi hatumo humo."

Kipupwe kilichopita miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Kila habari ilimkuta kitandani: Wuchang imeanguka, Anqing imeanguka, waasi wa nywele ndefu wanashuka mto, na wakimkuta Mmanchu hawaachi hata mtoto mchanga. Tulimsihi Caiping avuke mto. "Nikivuka, baba atageuzwa na nani?" alisema. Nanjing ilipoanguka, wakimbizi wakatuambia wanawake wanakaguliwa miguu na masikio. Miguu isiyofungwa vitambaa tangu utotoni, kama ya Wamanchu, wanayo wakulima wengi. Lakini Wamanchu humtoga binti matundu matatu kila sikio, na ya Caiping hayajaziba.

Baba Mkubwa alimshika sikio, akanitazama. "Jiting, hili sikulifikiria." Baada ya hapo hakusema tena. Alifariki alfajiri, siku ya kumi na tatu ya mwezi huu wa pili, mwaka wa tatu wa Mfalme Xianfeng.

Kabla jeneza halijafungwa, Caiping alimpa Mama kisu cha kukatia kamba za mitungi, wakaingia chumbani. Mimi nilibaki nje. Nilimsikia Mama akilia, Caiping sikumsikia. Mnamwona pale, kofia ya msiba imemfunika masikio mpaka shingoni. Yeyote atakayewauliza, mwambieni amefiwa na baba.

Marehemu ameacha mjane wake Bi Xue; mdogo wake, ambaye ni baba yangu; mimi; na binti mmoja wa kumzaa, Rong Caiping. Tangu leo si mpwa tena. Alizaliwa mtaani kwetu, na Mama Geng ameniruhusu niseme kwamba yeye ndiye aliyemzalisha. Asiyeweza kulisema hilo mbele ya panga, na avuke mto leo hii, hatutamlaumu.

Karatasi hii naichoma sasa pamoja na ubani. Baba Mkubwa apumzike kwa amani. Nasi tusirudi mjini kwa njia moja.