Kipengele cha Saba cha Mama Funguo

Ndugu waombolezaji, marehemu dada yetu, daktari wa magonjwa ya akili, mliyemzoea kwa jina la Mama Funguo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, katika nyumba iliyopakana na ukuta wa shule, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964, akahitimu udaktari mwaka 1983, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako siku ya kwanza aliomba funguo za vyumba vyote, akisema, "Siwezi kumtibu mtu nisiyeweza kumfungulia mlango."

Tarehe 12 Agosti 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa madaktari tisa walioanzisha chama chao, na ndiye aliyeandika kipengele cha saba cha maadili, kwamba mwanachama akiona mgonjwa anateswa, aseme, hata kama mtesaji ni mwenzake. Tarehe 9 Juni 2014 aliona, akasema. Mama mmoja alifungwa kitandani siku kumi na moja, kwa amri ya daktari mwanachama, mpaka mkono ukaoza. Aliyeitwa kujieleza ni dada yetu, na mwenyekiti, aliyekula mezani kwake miaka nenda rudi, akamwambia, "Dada, umetuvua nguo mbele za watu. Hiki ni chama cha madaktari, si cha wagonjwa." Wakamfuta uanachama. Aliandika barua za rufaa kumi na nne, hawakujibu hata moja.

Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho Februari mwaka jana, akafariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mikononi mwa binti yake mkubwa.

Leo asubuhi chama kimeleta shada, pamoja na karatasi wanayotaka niwasomee hapa, kwamba marehemu "alijitoa chamani kwa hiari yake". Nimefundisha darasa la pili miaka thelathini na mbili, sijawahi kumwambia mtoto aandike uongo kwa sababu wageni wameketi mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliopika na kufua, wafanyakazi wenzake waliothubutu kuja, na yule mama aliyeketi nyuma, mwenye mkono mmoja, aliyepanda mabasi mawili kufika hapa. Chama, maua tumeyapokea, majibu ya barua kumi na nne leteni kwangu.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi bado hatujapumzika.