Sista Ummulkheir na Swali la Jana Ulikula Nini

Ifikapo Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Sista Ummulkheir Suleiman atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya uuguzi, ishirini na sita kati ya hiyo papa hapa katika zahanati yetu, kusini ya Msambweni. Serikali inasema ametosha, astaafu. Foleni yetu nayo, tuseme ukweli, itapata nafuu.

Maana Sista ni mwepesi wa kila jambo isipokuwa kumaliza na mgonjwa. Ukiingia kwake na kikohozi, utaulizwa maji unachota wapi, jikoni mwako mna dirisha au hamna, mnalala wangapi chumba kimoja, na jana ulikula nini. Huku nje benchi limejaa, mimi kwenye dirisha la dawa nishapanga bahasha zangu mara mbili, na yeye ndiyo kwanza yuko kwenye habari za kisima.

Hata harusini hapumziki. Mwaka juzi tulialikwa Tiwi kwa mwenzetu Ikram. Watu wote walikwenda kumtazama bibi harusi. Sista alikwenda kutazama pipa la maji. Alilikuta wazi, na hakugusa pilau mpaka kifuniko kikaletwa. Mama yake Ikram hadi leo akimwona Sista kwa mbali hukimbilia kufunika vyombo.

Hakuanza hivyo. Nilipohamishiwa hapa mwaka wa 2007 nilimkuta Sista wa haraka, mkali, anayemaliza benchi kabla ya adhuhuri. Aliyembadilisha ni Mzee Mwero, mkulima wa muhogo wa ng'ambo ya mto.

Mzee alikuja akiumwa na kifua. Sista alimwandikia dawa, nami nikaandika juu ya bahasha: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Siku ya saba alirudi yuko vilevile, na vidonge vingi vimebaki. Sista alimfokea mbele ya benchi zima kwamba anachezea dawa. Mzee aliinamisha kichwa, akasema ahsante mwanangu, akaenda zake. Siku tatu baadaye alibebwa kupelekwa hospitali, hajitambui.

Sista alikwenda mwenyewe kumuuliza mkewe, Bi Mbodze, kulikoni. Bi Mbodze alimweleza kwa upole kwamba mumewe hakukosea hata siku moja. Aliambiwa ameze baada ya chakula, na mwaka ule mvua ilikataa, chakula kilikuwa kimoja tu, cha jioni. Basi na kidonge kilikuwa kimoja, cha jioni.

Sista alirudi, akakaa kwenye stuli yangu, akalia. Nami nililia, kwa kuwa mwandiko ule ulikuwa wangu. Mzee alipona, alhamdulillahi, baada ya wiki sita kitandani, na Sista alimwomba radhi mbele ya benchi lilelile.

Tangu hapo kila mgonjwa huulizwa jana alikula nini. Swali hilo ndilo lililotuletea sufuria la uji la asubuhi na shamba la muhogo nyuma ya zahanati. Kisima cha shule nacho kilifunikwa, baada ya Sista kumwandama chifu mmoja miezi minane, hata maskini akabadilisha njia ya kwenda msikitini. Watoto wa kuhara wamepungua sana kwenye benchi letu.

Alhamisi iliyopita Mzee Mwero alikuja na mkongojo wake. Hakuwa mgonjwa. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akamuuliza Sista yeye mwenyewe jana alikula nini. Sisi jibu tunalijua: asubuhi chai ya rangi na nusu andazi, mchana hakuna kitu, kwa sababu benchi halijaisha, na imekuwa hivyo miaka yote hii. Mzee akafungua kikapu, akatoa muhogo wa nazi na kipande cha papa, kisha akakaa palepale kumlinda mpaka sahani ikawa tupu. Benchi lilingoja, na hakuna aliyenung'unika.

Sista, ahsante kwa kutufundisha kuuliza. Swali lako nimelibandika juu ya dirisha la dawa, kwa mwandiko uleule wa bahasha. Tunakupenda, na tutakukosa kuliko tulivyokulalamikia. Mola akupe umri na afya, na kila siku akupe chakula cha mchana, ukile umekaa.