Mama Yetu, Cherehani Yake na Asubuhi ya Mkasi

Ndugu zetu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, mimi ni mtoto wa tatu wa marehemu, dereva wa lori, nami nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu, na mniwie radhi, maana yamo humu mambo ambayo hatujawahi kuyatamka nje ya nyumba yetu.

Mama alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951, mtoto wa tano wa seremala na mkewe, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na katika miaka hiyo ndipo shangazi yake alipomfundisha kushona, si kwa kitambaa kipya bali kwa kufumua magauni yaliyochakaa na kuyashona upya, mpaka akaweza kuitazama nguo mwilini mwa mtu na kujua imekatwaje. Baada ya mafunzo ya ukarani aliajiriwa tarehe 2 Februari 1971 katika ofisi ya maji, chumba cha majalada, akatumika humo mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2006, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba hakuna jalada lililompotea.

Tarehe 20 Desemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa jiografia, mnayemwona hapa mbele, gauni la harusi akalishona mwenyewe, na suruali ya bwana harusi pia, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine kwa sababu, alivyoshikilia hadi uzeeni, bwana harusi hakutulia kupimwa. Walijaliwa watoto wanne, waliozaliwa 1976, 1979, 1982 na 1985, na sote hatukuijua nguo ya dukani mpaka tulipoanza kujitegemea, kwani mama akitoka kazini alivua viatu, akakaa chini ya dirisha la sebuleni na kuanza kukanyaga cherehani, na mwaka ule aliponunua jora zima la kitambaa cha maua ya kijani, tulivaa kijani sote, mapazia nayo yakawa kijani, mtaa mzima ukatuita Mapazia. Tulipolalamika alisema, "Angalau mkipotea watajua pa kuwarudisha." Watu walimwomba awashonee, akawakatalia kwa upole, "Mimi si fundi, nashonea wangu tu."

Jumamosi tarehe 11 Juni 2016 dada yetu mkubwa alimkuta mbele ya cherehani na blauzi yenye mikono mitatu, akacheka akidhani ni mzaha, lakini mama hakucheka, aliivingirisha blauzi ile kwenye gazeti, akamshika dada mkono kwa nguvu na kusema, "Usimwambie baba yako. Naogopa, mwanangu, kichwa changu kinaniacha." Tangu hapo akawa anaandika kwa chaki juu ya kila kipande, mbele, nyuma, kola, mkono, kisha dada anamkuta amesimama na kipande kilichoandikwa mbele, anakigeuza na kukigeuza, jasho linamtoka, hajui mbele ni wapi. Dada aliibeba siri hiyo miezi minne, ikamshinda, akatuambia, tukampeleka mama hospitali, na daktari akatuambia kwamba ni maradhi ya usahaulifu, kwamba yataendelea, na kwamba dawa ya kuyaponya hakuna.

Sasa nifike Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2019, saa nne asubuhi. Nilimwacha binti yangu wa miaka sita, ambaye bibi yake alimbatiza jina la Kifungo, acheze sebuleni kwa mama, nikaenda uani kuosha gari, na niliporudi nilimkuta amesimama juu ya kigoda kama kijiti, mama amepiga magoti mbele yake na mkasi mkubwa wa kukatia kitambaa, anakata gauni ambalo mtoto amelivaa, kutoka kwenye pindo kwenda juu, na alikuwa amekwisha kufika kifuani. Mimi nimeendesha malori miaka kumi na minane, nimeponea ajali mbili, lakini mwili wangu haujawahi kuniganda kama pale mlangoni, kwani nilijua nikipiga kelele atashtuka, na mkono wake ukishtuka yameisha.

Nikasema polepole, "Mama, shikamoo."

Akageuka, mkasi ukiwa bado wazi chini ya shingo ya mtoto. "Marahaba. Wewe nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mama kuniuliza swali hilo, nikalimeza, nikasema, "Shati langu linanibana, Mama. Naomba unipime."

Akanitazama mabega, akasikitika kama fundi anayeona kazi mbovu. "Nani alikushonea hili? Njoo hapa," akasema, akauweka mkasi chini, akachukua tepu ya kupimia, nami nikasimama akinizungushia kifua kwa mikono isiyotetemeka hata kidogo, huku Kifungo akishuka kigodani na kutambaa hadi kwa babu yake chumbani.

Siku hiyo tulificha mkasi na kufungia cherehani stoo, tukidhani tumemaliza hatari, lakini wiki tatu mama alizunguka nyumba akiinua mito na magodoro, akilia kwamba watoto wataenda shule uchi, na kilio kile kilitutisha kuliko mkasi, mpaka dada alipomletea vipande vya kitambaa na sindano butu, akawa anashona na kufumua kutwa, akatulia.

Septemba 2022 alipata homa ya mapafu, akalazwa tarehe 28, na Alhamisi tarehe 6 Oktoba, saa kumi na moja jioni, akafariki, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba, ambaye mama alikuwa hamtambui kwa mwaka mzima, lakini alimwambia, "Usiondoke," naye baba hakuondoka.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa wodi, majirani mliomrudisha nyumbani kila alipotoka, na wenzake wa ofisi ya maji. Ameacha mume, watoto wanne na wajukuu tisa, na sitawaficha kwamba sisi wanne, mmoja wetu akisahau tu alipoweka ufunguo, hakuna anayemtazama mwenzake usoni.

Sisi bado tunaogopa, Mama. Wewe umemaliza. Pumzika.