Mwalimu Tuone, Aliyemwinua Mkuu wa Shule kwa Ubao

Ndugu waombolezaji, walimu na majirani, familia imempa mdogo wa marehemu, aliyesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea safari ya dada yake, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Tuone, hadi jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika hospitali iliyo nyuma ya posta, mtoto wa kwanza wa baba karani na mama fundi cherehani, akakulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, ambako kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kuokota pini kwa sumaku.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, na alipokuwa darasa la nne, mwalimu aliandika ubaoni kwamba sumaku hunasa kila aina ya metali, naye akanyoosha mkono akasema ya mama yake inaviacha vifungo vya shaba, akatolewa nje kwa utovu wa adabu. Kesho yake alikuja na sumaku, pini na vifungo, akavimwaga juu ya meza ya mwalimu, akasema, "Haya, tuone," na mwalimu yule, tumpe haki yake, alifuta ubao. Alimaliza sekondari mwaka 1975, na chuo cha ualimu Novemba 1978, katika masomo ya fizikia na kemia.

Januari 1979 alipangiwa sekondari ya kutwa, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, na humo wanafunzi wake walifanya mayai yaelee kwenye maji ya chumvi, wakatengeneza betri kwa malimau, na siku moja mwaka 1983 wakaunguza pazia. Mkuu wa shule alikuja juu, akaamua chumba kigeuzwe stoo ya viti, kwa kuwa majaribio yanaweza kunakiliwa ubaoni wanafunzi wakiwa wametulia, na marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kulialia, siku hiyo alilia, kisha akanawa uso, akamwomba mkuu ahudhurie kipindi cha mwisho.

Alivuka barabara hadi kwa fundi seremala, akachagua ubao mrefu wa bei nafuu, fundi akamwambia ule hautabeba mtu mzima, yeye akasema tuone, akaukalia, akajikuta chini kwenye maranda. Fundi hakucheka, alimuuliza tu egemeo litakaa karibu na mzito au karibu na mwepesi, swali lililomfanya marehemu amtazame vizuri kwa mara ya kwanza, na ubao wa pili, wa mti mgumu, ndio uliokwenda shule. Mkuu, mtu wa kilo za kutosha, aliketishwa upande mfupi, msichana mdogo kuliko wote wa kidato cha kwanza akabonyeza upande mrefu kwa mkono mmoja, mkuu akapaa, miguu ikining'inia, kalamu zikimdondoka mfukoni, akaomba ashushwe, na alipofika chini akaomba apandishwe tena. Viti vilitafutiwa pengine.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi yule, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na kitinda mimba wa kiume, ambao walijifunza mapema kwamba kujidai una homa asubuhi ya mtihani ni kujisumbua, kwani mama alitembea na kipimajoto mkobani.

Alistaafu Machi 2017. Januari 2023 alianza kubanwa pumzi, madaktari wakagundua moyo umepanuka, naye akaomba aoneshwe kwenye skrini, akautazama kwa makini, akasema pampu hiyo imejitahidi. Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Wiki chache kabla ya hapo alidai asomewe historia hii, na mdogo wake alipofika kwenye maneno "alipendwa na wanafunzi wake", alimkatiza, akauliza nani amepima, akaamuru yafutwe. Haukuwa utani. Alisema amefundisha miaka yote hiyo bila kujua kama kuna kilichobaki vichwani mwao zaidi ya kicheko cha siku ile ya ubao, na kauli hiyo ilituuma, kwa sababu hatukuwa na la kumwonesha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kila swali, majirani waliotupikia na kukesha nasi, walimu wenzake, na fundi, shemeji yetu, aliyeutoa ubao ule ule ubebe jeneza lililo mbele yenu.

Sasa, yeyote aliyefundishwa na marehemu, ambaye mpaka leo akiambiwa jambo husema kwanza tuone, tunaomba asimame.

Asanteni, ketini. Maneno yanayofuata mdogo wake aliyaandika jana, kabla ya kuwaona mkisimama, kosa ambalo dada angemfokea mbele ya darasa zima, lakini sasa yana ushahidi, kwa hiyo yanarudishwa mahali pake: alipendwa na wanafunzi wake.

Pumzika kwa amani, Dada. Tumeona.