Somo la Etheni Tulilofundisha Wawili

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanangu mliosimama nyuma kwa sababu viti havikutosha: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mkuu ameniuliza nitakumbuka nini nikishastaafu. Nitakumbuka somo la jinsi polietheni, ile plastiki ya mifuko, inavyoundwa kutokana na gesi ya etheni. Mnacheka? Chekeni tu, ila nisikilizeni.

Nikiwa mwalimu mpya, somo hilo lilinishinda. Niliandika ubaoni kwamba molekuli ya etheni ina kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili. Kwamba bondi moja ikifunguka, kila kaboni hupata nafasi ya kushika jirani. Na kwamba hivyo molekuli ndogo maelfu huungana kuwa mnyororo mmoja, bila atomu hata moja kupotea. Wote walinakili, hakuna aliyeelewa. Fundi wa maabara, kijana mpole aliyekuwa akiosha mirija ya kioo kwenye sinki, akafuta mikono kwenye koti lake na kuniomba ruhusa. Akawapanga wanafunzi wawiliwawili, kila jozi imeshikana mikono yote miwili. Mmoja hakuwa na mwenzake, nikasimama naye mimi. Fundi akasema yeye ni kianzishi, chembe yenye elektroni moja pweke, isiyotulia mpaka ishike kitu. Akamshika mkono mwanafunzi mmoja wa jozi ya kwanza. Jozi ile ikaachiana mkono mmoja, aliyebaki na mkono mtupu akadaka jozi ya pili, ya pili ikadaka ya tatu, mnyororo ukatokeza hadi ukumbini.

Mwisho nikabaki mimi, mkono mmoja hauna wa kuushika. Wakauliza mnyororo hukomaje. Fundi akajitoa kule mwanzoni, akazunguka, akasema sasa yeye ni chembe nyingine huru.

“Ncha mbili huru zikikutana, Mwalimu,” akaniambia, “hushikana zikatulia.”

Akanishika mkono. Darasa lilicheka kupita kiasi. Mwaka uliofuata tulioana, na kila mwaka tukalifundisha somo lile pamoja, yeye akija kunipokea kule mwishoni.

Mnajua alivyougua, na wengi wenu mlikuja kumzika. Tangu hapo nikalifundisha kwa chaki peke yake. Nani angenilaumu? Lakini muhula huu darasa langu la mwisho likaniomba, maana kaka na dada zao walikuwa wamewasimulia. Binti mmoja akawa kianzishi. Mikono ikaachiana, ikadaka, ikaachiana, ikadaka, hadi ikanifikia. Nilijua vizuri kwamba hakuna wa kuja, lakini macho yangu yaliganda kwenye mlango wa maabara. Nikasimama hivyo, mkono nimeunyoosha, mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyeondoka. Walidhani bado nafundisha.

Kwa zawadi zenu, na kwa subira mliyonipa hadi hapa, nawashukuru nyote.