Debe la Mwajabu

Lori la kabichi lilipoanza kuteremka kutoka Mgeta, Mwajabu alipakata debe lake kama mtoto mchanga. Bwana mmoja wa ofisi ya ushirika, aliyekalia gunia la jirani, akauliza mna nini humo.

"Mafuta ya ngozi, ndugu. Nta ya nyuki na mafuta ya mbegu za mbarika. Nayapeleka sokoni mjini."

"Ya kikundi gani?"

"Kikundi cha mimi na sufuria yangu."

Abiria wakaangua kicheko, bwana akanuna. "Huo ni ubepari, dada. Tukifika, debe hili linakwenda ofisini. Ni mali ya kijiji."

Miaka ile ya Ujamaa sabuni ilitoweka madukani, lakini wa kutuhutubia hawakuadimika hata siku moja.

"Uso wangu ulipobabuka kwa dawa za kujichubua, kijiji kilibabuka nami?" Mwajabu akamuuliza. "Walinicheka kisimani! Nikauza mbuzi wangu, nikanunua nta, nikachemsha na kujipaka mwenyewe mpaka ngozi ikarudi. Hebu tazama!" Akamsogezea shavu, linang'aa.

"Siasa haitazami mashavu."

"Basi lete mkono."

Akampaka kabla hajakataa. Baridi ya mlimani ilikuwa imempasua mikono vibaya. Bwana akaendelea kuhubiri umoja njia nzima, huku akijinusa kiganja.

Lori likasimama sokoni. Mwajabu akashuka na debe lake. "Haya, ndugu, ofisini?"

"Ofisini tutakwenda," bwana akasema, akinyoosha mkono wa kushoto. "Lakini kwanza nipake na huu."