Vidole vya Nunow Havisikii Tena Chini ya Mto

Nyinyi vijana wa kikundi mnaosoma karatasi hii ya kuagana huku mmenyoosha miguu, aibu iwashike. Mtu anaondoka leo na kazi yake yote mkononi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeipokea. Mmenunua nyavu, mnazitega kando pale maji yalipolala, kisha nanyi mnarudi nyumbani kulala. Sawa, samaki mnapata. Lakini mto Tana ukichukua mtoto wa mtu mvua ya Gu, masika yetu, ikinyesha, nani atamtafuta? Nimeambiwa niandike maneno matamu. Matamu yatakuja. Kwanza haya.

Nunow Yarrow anastaafu leo Jumamosi, tarehe 31 Januari, baada ya kuwa mvuvi wa mshipi, ule uzi wa ndoana, wa Kikundi cha Wavuvi cha Ukingoni, hapa Garissa, kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi Fartun, nyanya yenu wa banda la kukaangia, ayeeyo kama mnavyoniita, nimekaanga samaki wake karibu miaka hiyo yote. Kwa hiyo asitokee mtu wa kunisahihisha.

Alipoanza, kikundi kilikuwa na mtumbwi mmoja unaovuja, na watu wa mifugo hawakutaka hata harufu yetu. Wakipita bandani wanaziba pua kwa ncha ya shuka. Alikuwepo mmoja, Shirwa, mwenye mbuzi wengi, ambaye kila asubuhi alipiga kelele: "Ondoeni nyoka wenu wa maji, mbuzi wangu wanaogopa!" Nunow alikuwa akimjibu bila kuinua kichwa: "Mbuzi hawaogopi, Shirwa. Ni wewe." Tulicheka mpaka mafuta yakaungua.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wengi mnadhani ni kutupa uzi na kungoja. Maji ya Tana yanakimbia. Mmoja anasimama nyuma na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, anauzuia mtumbwi ushuke polepole ili mshipi usimame wima. Wa mbele anateremsha chubwi, kile kipande kizito cha risasi, mpaka kiguse chini, anakiinua kidogo, anakigusisha tena. Mshipi unapita juu ya kidole cha shahada na haufungwi popote. Kwa kidole hicho kimoja Nunow alijua haya ni matope, huu ni mchanga, hili ni gogo, huyu ni kambare anaonja tu, huyu amemeza.

Warfa, mwenyekiti wetu wa leo, anayekaa mbele na kofia safi, hakuzaliwa mwenyekiti. Alikuja kutoka Ijara ukame ulipommalizia ngamia, na siku yake ya kwanza mtoni akauzungusha mshipi kwenye kifundo cha mkono, mizunguko mizuri ya kubana, kama anamwongoza ngamia kwenda kisimani. Ndoana ikashika gogo, mto ukauvuta mtumbwi, na Warfa akaanza kwenda majini mkono mbele. Nunow alikata mshipi kwa kisu. Warfa, badala ya kushukuru, akalalamika kwamba samaki mkubwa amepotea. Nunow akamwambia: "Ngamia akikuvuta unakimbia naye, Warfa. Hapa ungekimbilia wapi?" Tangu siku hiyo Warfa alishika upondo, na hakuna aliyeushika vizuri kama yeye. Hilo nalo niliseme, asije akaninunia.

Halafu ukaja mwaka ule mto ulipopanda mpaka ukaingia kwenye mashamba ya ndizi. Abdijabar, mtoto wa Shirwa, aliingia majini kutoa mbuzi waliozingirwa. Mbuzi walitoka. Yeye hakutoka.

Watu walitembea ukingoni wakimwita, kana kwamba angeitika. Kisha Shirwa akaja bandani kwetu. Hakuziba pua. Alikaa chini pale tunapopasulia samaki, kwenye magamba na maji machafu, akasema: "Walaal, ndugu yangu, sitaki kingine. Nipe mtoto wangu nimzike."

Nunow alichukua mshipi wake akaanza kufungua ndoana, moja baada ya nyingine, mpaka likabaki chubwi peke yake. Nikamuuliza, unafanya nini, utamshikaje bila ndoana? Akanijibu: "Huyu ni mtu, ayeeyo. Hachomwi."

Walitoka yeye na Warfa baada ya swala ya alfajiri, wakarudi jua likizama, wakatoka tena kesho yake. Maji yalikuwa mekundu kama udongo, huoni hata upondo wako. Warfa anasimulia kwamba Nunow aliinua mkono ghafla, na yeye akaubana mtumbwi usisogee. Jani linateleza, Nunow alisema baadaye, na matope yanameza. Nguo inashika kidogo, halafu inaachia. Alijifunga kamba kiunoni, akampa Warfa ncha, akashuka mwenyewe, na mamba wako mto mzima.

Alimtoa. Kabla hawajafika ukingoni, alivua kikoi chake akamfunika kijana uso, ili baba yake asimwone mpaka aoshwe. Shirwa alimzika mwanawe jioni ile. Alimlaza kwenye mwanandani wa kaburi kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo Nunow alilompa, na hakuna mwingine mji huu ambaye angeweza kumpa.

Tangu hapo waliitwa mara nyingi, mpaka kwa watu tusiowajua. Nunow hakupokea kitu. Hata chai alikunywa kwake kwanza ili wenye msiba wasihangaike. Wapo ambao hakuwapata, na hao hasemi habari zao, ila ukikaa karibu naye baada ya swala utasikia anawataja kwa majina kwenye dua. Shirwa hali samaki mpaka leo, ni mkaidi, lakini maziwa yake yanafika nyumbani kwa Nunow, na Abdihafid, mdogo wake Abdijabar, ni mwanachama wa kikundi hiki. Wa nyavu, bila shaka.

Msidhani Nunow amechoka. Vidole vyake vimekufa ganzi. Alijijua mwenyewe mwezi uliopita, chubwi lilipopita juu ya gogo analolifahamu tangu ujana na asilisikie. Alirudi mapema, akakaa kwenye ndoo, akaniambia: "Ingekuwa ni mtu pale chini, ayeeyo, ningempita." Kisha akaenda kumwambia Warfa kwamba anaacha. Wallahi, wako watu wangeficha jambo hilo ili waendelee kuitwa mabingwa.

Nunow, sisi wa bandani tunakushukuru. Umetulisha, umetuchekesha, umewarudisha wetu nyumbani. Mungu akupe umri na utulivu, na vidole vyako vipumzike kwenye tasbihi. Kaa na wajukuu zako, ule kilichopikwa na mwingine.

Lakini si leo. Leo bado nina kazi na wewe.

Mkishaosha sinia za karamu hii, mtu asiende kulala. Maji yako chini sasa, yanamvumilia mjinga. Gu ikifika hayatamvumilia. Warfa, weka kofia yako pembeni ushike upondo. Nunow atakaa katikati na hatagusa kitu, atasikiliza tu. Abdihafid, wewe wa kwanza, na unajua kwa nini ni wewe. Kaa mbele, teremsha chubwi, fumba macho, useme kwa sauti kilichopo chini. Ukikosea, rudia. Wengine subirini zamu zenu ukingoni, na nyavu ziacheni zilipo. Mtafanya hivyo kesho, na keshokutwa, na kila siku mpaka mvua, hata mkinichukia.

Inukeni. Ingieni mtumbwini.